Mwalimu wa Wavindeliki

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mthamini alisimama mbele ya mianzi ya Mwalimu akauliza kama hapo kuna kaburi. Saa ninaijua kwa sababu niliiandika. Nina tabia hiyo. Nilikuwa nimefunga duka langu la steshenari pale Ipogolo, Iringa, ili niwe shahidi wa Mwalimu, maana barabara kuu ilikuwa inapanuliwa na alama nyekundu za X zilishapakwa kwenye kuta za majirani. Nyumba ya Mwalimu ilipona. Kilichoangukia ndani ya mstari ni kipande cha mbele tu, hatua kumi na mbili kwa ishirini, penye vichaka vitatu vya mianzi ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi.

"Hakuna kaburi," Mwalimu alisema.

Mthamini alikuwa mpole, ana kishikwambi mkononi na vumbi hadi magotini. "Mzee wangu, nauliza kwa faida yako. Kaburi lina fidia yake, na linahamishwa kwa heshima. Tukiliandika, linahamishwa. Tusipoliandika, greda halitajua."

"Nimesema hakuna."

"Haya. Mianzi, vichaka vitatu." Akagusa kioo mara tatu. "Una siku ishirini na moja za kuweka pingamizi, mzee. Ofisi ya mtaa."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi za Mwalimu. Nilijua kwamba chini ya kichaka cha katikati amelala mke wake, kwa sababu miaka kumi na tisa iliyopita nilishika jeneza upande wa kushoto. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya mgeni, hata kama mwanafunzi ana miaka hamsini na moja na mvi.

Jina la Mwalimu sitaliandika. Aliniomba hivyo, na kila aliyesoma shule yetu kabla haijaezekwa upya atamjua bila jina.

Yeye mwenyewe hakutuita kwa majina. Alituita kwa namba za daftari la mahudhurio. Mimi nilikuwa Kumi na Nne, na nimebaki Kumi na Nne hadi leo. Akiingia dukani kwangu, mbele ya wateja waliokuja kupiga fotokopi za vyeti, alisema, "Kumi na Nne, wino upo?" Wateja walicheka. Mtu aliyechukia orodha kuliko kitu chochote aliita mahudhurio kila asubuhi, kwa ukali, bila kuruka hata namba moja, na kama namba haikuitika alinyamaza kwa muda uleule ambao jibu lingechukua, kisha akaendelea. Tulipokuwa wadogo ukimya ule ulituogopesha kuliko fimbo. Mwaka ambao Tisa alikufa kwa surua, Mwalimu aliendelea kuita Tisa hadi muhula ukaisha.

Somo lake lilikuwa Historia, lakini kabila lake, kama alivyopenda kusema, lilikuwa Wavindeliki.

Inabidi nieleze, maana hata mimi ilinichukua miaka. Kanisa letu lina undugu na kanisa la kusini mwa Ujerumani. Wakati fulani walimu wawili walipelekwa huko kwa miezi mitatu, na yeye alikuwa mmoja. Mwenyeji wake, mzee mstaafu wa reli, alimpeleka siku ya theluji kwenye mashamba karibu na mto Danubi akamwonyesha tuta refu la udongo. Hapo, alimwambia, palikuwa na mji wa Wavindeliki, kabila la Wakelti lililokaa kaskazini ya milima ya Alpi kabla ya Yesu kuzaliwa. Mji uliozungukwa na ukuta wa kilomita saba. Walifua chuma, walifinyanga, walipiga sarafu za dhahabu zilizopinda kama visahani. Kisha Warumi wakavuka milima. Kiangazi kimoja tu kilitosha. Majeshi mawili, yakiongozwa na watoto wawili wa kambo wa mtawala wa Roma, mmoja kutoka magharibi na mwingine kupitia mabonde ya milima.

Mwalimu aliporudi alikuwa na koti zito, kikohozi, na daftari tatu. Watu walimuuliza habari za Ulaya. Yeye aliwaeleza habari za Wavindeliki.

Mambo matatu yalimkaa. La kwanza, kwamba Warumi waliposhinda waliwachukua vijana wengi wenye nguvu wakawapeleka mbali, wakaacha watu wa kutosha kulima na wasiotosha kuasi. Alilisema hilo akiwa amesimama kibarazani kwake, akitazama malori yanayoshuka kwenda Dar es Salaam na yanayopanda kwenda Tunduma. "Ishirini na Mbili yuko kwenye lile la bluu," aliweza kusema. "Thelathini anapakia mbao. Tumeachwa wa kulima." Sijui kama alikuwa anawaona kweli. Malori yalipita kwa kasi.

La pili, kwamba ule mji mkubwa ulikuwa umeshaachwa miaka mingi kabla Warumi hawajafika. Mageti yalikuwa wazi, nyasi zimeota njiani. Hakuna anayejua kwa hakika walioondoka waliondokea nini. Hilo lilimsumbua vibaya. "Walishindwa na nani kabla ya kushindwa?" aliniuliza nikiwa na miaka kumi na tano, akaniuliza tena nilipokuwa na arobaini, kana kwamba nilichelewa tu kujibu. Alisema siku ile ya theluji, alipotembea ndani ya handaki la ule ukuta, alisikia watu wakitembea upande wa pili wa tuta, wengi, wamevaa viatu laini. Alipanda juu akaangalia. Theluji ilikuwa haijakanyagwa. Hakuongeza chumvi kwenye habari hiyo. Aliisema jinsi mtu anavyosema kwamba basi lilichelewa.

La tatu ndilo lililomharibia maisha, kama neno hilo si kali mno. Wavindeliki tunawajua kwa majina kwa sababu walioshinda waliyachonga. Juu ya mlima mmoja unaotazama bahari, mbali sana na Danubi, Warumi walijenga mnara wakaandika majina ya makabila waliyoyapiga, zaidi ya arobaini, na humo wamo Wavindeliki, makabila yao manne. "Fikiria, Kumi na Nne," alisema. "Jina la mama yako liko kwenye orodha ya aliyemuua. Kwingine halipo."

Tangu hapo hakukubali jina lake liandikwe popote palipowezekana kukwepa. Kanisa lilipojengwa alitoa matofali mengi kuliko mzee yeyote wa usharika, lakini kwenye jiwe la msingi hayumo. Simu hakuwa nayo, kwa sababu laini inasajiliwa kwa jina na alama za vidole. Aliyemtafuta alipiga kwangu. Mshahara na baadaye pensheni aliuchukua akinuna, na kila aliporudi benki alinawa mikono. Nilimwambia siku moja kwamba huo ni mchezo, kwamba serikali ilishamwandika siku nyingi. Alinijibu, "Najua. Ndiyo maana sitaki kuwasaidia."

Na bado aliwapenda Warumi. Alisifia barabara zao kama fundi anayemsifia fundi. Barabara kuu ya kwetu aliipima kwa hatua, kutoka daraja la Ruaha Mdogo hadi kona ya mlima wa kupandia Iringa mjini, akaona haikunyooka inavyostahili. Akasema Mrumi asingeruhusu.

Tabia yake nyingine: mvua ikikatika alitembea akiangalia chini. Mwenyeji wake wa Ujerumani alimwambia kuwa zile sarafu zilizopinda wakulima waliziokota mashambani baada ya mvua, udongo ukishaoshwa, na wazee wao waliamini ni upinde wa mvua ulioziacha. Kwa hiyo Ipogolo, kila mvua ikikatika, ungemwona na koti lake la Ujerumani, ameinamisha kichwa kando ya lami. Wauza nyanya walimtania: "Mwalimu, umedondosha nini?" Aliwajibu, "Bado sijajua." Vizibo vya soda alivyookota vilijaa kopo la rangi la lita nne. Redio ilipotangaza kwamba wezi wameiba dhahabu ya Wavindeliki kwenye jumba la makumbusho kule Ujerumani, alifunga madirisha kama mwenye msiba na hakula hadi kesho yake. "Wameingiliwa tena," alisema.

Mke wake alikuwa mtu wa Mbeya, wa milimani, kwenye mashamba ya viazi. Sisi tulimwita Mama Mwalimu, na nadhani hakuna mtu Ipogolo aliyejua jina lake. Yeye alimcheka mumewe waziwazi, na ndiye pekee aliyeruhusiwa. "Hao watu wako wa mtoni wamekula leo?" alimuuliza akipakua ugali. Au, aliponiona nikiitwa kwa namba: "Mwite mtu kwa jina lake, baba, atakuja haraka." Alikuwa akigema ulanzi mwenyewe msimu wa mvua, asubuhi na jioni, akikata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba kama kucha na kuutega kwenye mbeta, kopo la mwanzi tunalotumia huku. Ule mtamu wa asubuhi walikunywa wenyewe. Ule wa jioni, uliokwisha kuchacha, aliwauzia majirani, jambo ambalo Mwalimu, mzee wa kanisa, alijifanya halioni.

Alipokufa, mchungaji alileta msalaba wa mbao ulioandikwa tayari. Mwalimu aliupokea, akashukuru, akaulaza ndani ya nyumba chini ya kitanda. Juu ya kaburi alipanda shina la mwanzi. Lilikuwa kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya: mwanzi wa ulanzi ni mali, hakuna atakayeukata, kwa hiyo kaburi liko salama. Hakufikiria kwamba kwa sababu ni mali, siku moja utahesabiwa, na watu watauona mwanzi tu.

Kile kichaka hakukigema kamwe. Viwili vya pembeni alivigema kila msimu. Cha katikati kilinenepa, kikapanuka, hadi kati yake pakawa na uwazi kama chumba. Majirani walisema ni uchoyo, wengine walisema uchawi. Upepo ukitoka bondeni mianzi ile iligongana, na Mwalimu alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi, kwa muda uleule aliokuwa akimpa Tisa.

Hayo yote niliyajua asubuhi ile ya Jumanne. Nilingoja hadi siku ya kumi na tisa, kisha nikaenda na barua ya pingamizi niliyoichapa mwenyewe. Palibaki nafasi moja tu ya kujaza: jina la marehemu.

Aliisoma kwa kalamu nyekundu. Alisahihisha mkato mmoja, akanirudishia.

"Mwalimu, greda litapita juu yake."

"Nimeelewa ulivyoandika."

"Basi jaza."

"Orodha ile ni ya nani, Kumi na Nne? Ni orodha ya vitu vilivyoondolewa ili wapite. Nyumba, mparachichi, choo, kaburi. Unataka nimtie humo? Miaka elfu mbili ijayo mtu akiiokota, atamjua mke wangu kama kitu kilichokuwa njiani."

"Akikaa chini ya lami hatamjua kabisa."

Niliona kwamba halali usiku. Alisema kwamba tangu siku ya mthamini, kila alasiri anapokaa kibarazani, anasikia watu wakitembea upande wa pili wa mianzi. Wengi. Viatu laini. "Wanaondoka," alisema. "Sijui wamesikia nini."

Nikarudi dukani nikafanya kitu ambacho sikumwomba ruhusa. Nilimpigia shemeji yake.

Shemeji yule, kaka wa marehemu, alikuwa mkulima wa viazi. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu kila mavuno alipiga kwangu kusema gunia liko kwenye basi gani. Nilimweleza. Aliuliza swali moja: "Zimebaki siku ngapi?" Zilikuwa zimebaki mbili.

Alifika kesho yake mchana, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na mabuti, akaingia uani bila kubisha hodi.

"Kamwene, mtu wa Iringa," alisema, kwa salamu ya kwetu, kumkejeli.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Yuko wapi dada yangu?"

Mwalimu alionyesha kwa kidevu. Shemeji alikwenda hadi kwenye kichaka cha katikati, akachungulia ule uwazi, akavua kofia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya ugomvi.

"Miaka kumi na tisa nakuja hapa nakula ugali wako, nauliza msalaba uko wapi, unaniambia fundi bado. Fundi gani huyo, wa safina ya Nuhu? Ninyi watu wa Iringa mnajua kununa, lakini wewe umemnunia hadi maiti!"

"Sikumnunia. Nilimficha."

"Asionekane na nani?"

Mwalimu akamweleza. Alimweleza yote, mnara, orodha, Wavindeliki, kama alivyotueleza darasani, taratibu, hadi nikasahau tupo wapi. Shemeji alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Mwishoni akauliza:

"Hao watu wa mtoni, wenyewe waliandika nini?"

"Hawakuandika. Kidogo sana. Hakuna kilichobaki."

"Basi ndiyo shida yao hiyo! Wewe unasema kosa ni la aliyewaandika. Mimi naona kosa ni kwamba ndugu zao hawakuwaandika kwanza." Akavaa kofia. "Sikia, shemeji. Serikali yako sina ugomvi nayo, ikitaka kuandika iandike, isitake iache. Mimi namchukua dada. Namlaza kwa mama yake. Na jina nitaandika mimi, kwa mkono huu, halafu tuone ni Mrumi gani atakuja kulifuta."

Nimemjua Mwalimu miaka arobaini na tatu, na siku ile ndiyo pekee nilimwona akipewa jibu. Alikaa kwenye ngazi. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii nimefundisha vibaya."

"Hujafundisha vibaya," shemeji alisema. "Umefundisha nusu. Kuna chai humu ndani au mnakunywa historia tu?"

Pingamizi halikuwekwa. Siku ya mwisho Mwalimu alikwenda ofisi ya mtaa akasaini fidia ya mianzi, basi. Kibali cha kuhamisha mwili kiliombwa na shemeji, na humo jina liliandikwa kama sheria inavyotaka. Mwalimu alilijua hilo akageuza uso. Mantiki yake ilivuja hapo, nami siifichi.

Tulifukua asubuhi, bwana afya akiwepo. Ilibidi kukata kichaka. Mizizi ilikuwa imefuma kitu kama mkeka juu yake, na mafundi walifanya kazi kwa misumeno kwa saa tatu. Chini ya mkeka ule udongo ulikuwa mkavu na safi. Mwalimu aliushika mkono mmoja wa koti lake la Ujerumani kwa mkono mwingine. Kabla gari halijaondoka aliingia ndani akatoka na ule msalaba wa mbao. Mchwa walikuwa wameula katikati. Jina lilikuwa limeliwa lote.

Igawa, njiani kwenda Mbeya, tulisimama kunywa chai. Akina mama walilizunguka gari na mabeseni ya karanga na vitunguu, kisha wakaona jeneza dogo wakarudi nyuma, na mmoja akatupa pole. Akamuuliza Mwalimu, "Ni nani wako, baba?"

Nilijua jibu lake: mke wangu. Badala yake alisema jina. Jina lake kamili, mawili, wazi, mbele ya watu asiowajua, huku malori yakipita. Yule mama akalirudia taratibu, kama tunavyofanya, na akasema apumzike. Mwalimu akainamisha kichwa. Baada ya hapo hakuweza kushika kikombe, nikamshikia.

Huko milimani juu ya Mbeya kulikuwa na ukungu. Shemeji alikuwa ameandaa shimo kando ya mama yake, upande wa chini wa shamba la viazi. Baada ya ibada walimwaga zege, na lilipoanza kushika shemeji alichuma kijiti, akapiga magoti, akaandika jina la kwanza. Herufi zake zilikuwa mbaya, zinapanda na kushuka. Alipolimaliza akampa Mwalimu kijiti.

Mwalimu alisimama nacho. Upepo ulipita, na kwa kuwa huko hakukuwa na mianzi, sikusikia kitu chochote. Nadhani hata yeye hakusikia. Alipiga magoti kwa shida, akaandika jina la pili, kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Kisha, chini yake, bila kuombwa, akaandika: mke wa, na jina lake mwenyewe. Nimelisoma. Liko huko, asiyeamini aende akaangalie. Hapa siliandiki.

Alikufa mvua zilizofuata, kitandani, bila kusumbua mtu. Lakini mara ya mwisho tuliyozungumza sana ilikuwa ndani ya gari wakati wa kurudi. Tulikuwa tumepita Igawa na mvua ilikuwa imekatika. Aliangalia kando ya barabara, nje ya dirisha, kwa mazoea.

"Kumi na Nne, umeandika gharama?"

Nilikuwa nimeandika. Nilimsomea: gari, jeneza, mafundi, saruji, chai.

"Hizo si hasara," alisema. "Hiyo ni nauli ya mke wangu. Nakuuliza hivi: kwa kutokuwemo kwenye orodha yao, tumepoteza kiasi gani?"

Jirani yake aliyeandikisha kaburi la baba yake alikuwa ameshaambiwa fidia yake, kwa hiyo kiwango nilikijua.

"Laki sita, Mwalimu."

"Kamili?"

"Kamili."

"Andika," alisema, na nikaandika: shilingi laki sita.